Swali la Kumi na Tisa

Chuo changu hakina kengele.
Kina bahasha ya kaki iliyoletwa na basi la Manyoni,
moduli saba, na barua ya mistari miwili:
Soma kwa kasi yako.
Ukiwa tayari kwa mtihani, tuarifu.
Kasi yangu!
Kasi yangu ni ya punda wa Bahi mwenye madumu manne:
akifika kivulini husimama,
na fimbo haimwambii kitu.

Usiku wa zamu nasomea meza ya chanjo,
kati ya friji na rejista ya wajawazito.
Sola ikichoka nawasha tochi ya simu,
naiegemeza kwenye kopo la pamba.
Vumbi la Agosti hupenya chini ya mlango,
hutua juu ya figo, juu ya ini,
juu ya mchoro wa moyo na mishale yake myekundu.
Nalifuta kwa kiganja.
Moyo unabaki na alama ya kidole changu.

Hesabu za dripu sizihofii.
Lita moja, saa nane, matone ishirini kwa mililita:
arobaini na mawili kwa dakika.
Miaka kumi na sita nimeyahesabu
kwa saa ya mkononi ya marehemu baba, fundi wa reli,
midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali.
Kitabu kinataka kanuni.
Ndahani, mwanangu wa darasa la tano, ndiye aliyeniambia,
"Jibu umepata, mama, ila hujaonyesha kazi."
Kazi sijaonyesha!
Nilicheka hadi mlenda ukafurika jikoni.

Moduli tatu nilizimaliza kabla mtama haujatoa masuke.
Ya nne imelala wazi ukurasa uleule tangu tope la Machi.

Mama amejifungua dakika kumi zilizopita.
Damu inamtoka kwa wingi. Muuguzi aanze na lipi?
A. Akande mfuko wa uzazi huku akiita msaada.
B. Apime shinikizo la damu.
C. Amsubiri daktari.
D. Aandike kwenye faili.

Jibu nalijua. Hata Chihoma, mlinzi wetu, analijua.
Ni swali la kuwagawia watu alama za bure.
Lakini mimi nilianza na B.
Nilikuwa wiki ya tatu kazini,
na mkono ulikimbilia kilichokuwa karibu:
nikafunga mkanda, nikaminya mpira, nikasikiliza,
nikafungua, nikafunga tena,
kwa kuwa namba sikuziamini.
Sechelela hakulia.
Aliuliza tu kama mvua bado inanyesha.
Treni ya Kigoma ikapita, chupa zikagongana kabatini,
na mpaka leo zikigongana
najikuta nakanda hewa.

Miezi mitano kwa swali moja.
Hakuna aliyeniandikia kuuliza nimekwama wapi.
Nafasi ya jibu ni ya herufi moja.

Leo mchana mama yake Sechelela alikuja, kama kila mwezi,
akanipa mkono wake wa kushoto,
nikafunga mkanda, nikaminya, nikasikiliza.
Mia na hamsini kwa tisini na tano.
"Chumvi, bibi."
"Chumvi gani, na mboga yenyewe ya kuomba?"
Kisha akakiona kitabu.
"Unasoma tena?"
"Nina mtihani, Dodoma mjini."
"Ukifaulu watakuhamisha?"
"Sijui."
Akashusha mkono wa gauni, akakifunga kifungo taratibu.
"Basi usifaulu haraka."

Sasa ni saa nane usiku. Nimeandika A.
Kalamu nimeikandamiza hadi karatasi ikatoboka,
na nilipofungua ukurasa wa pili
herufi ilikuwa imetokeza huko, kinyumenyume,
juu ya swali la ishirini,
linalouliza namna ya kunawa mikono.